Jengo rafiki kwa ndege: kioo na taa kwanza, bustani baadaye

Kila picha ya mnara mpya uliofunikwa miti kutoka ghorofa ya kwanza hadi paani inapozunguka mitandaoni, mjadala huwa ni uleule. Upande mmoja husema hatimaye miji imewakumbuka viumbe wengine. Upande wa pili huuliza kwa nini fedha za ujenzi zitumike kwa ajili ya ndege ilhali kuna watu wasio na pa kulala. Pande zote mbili huchukulia kwamba jengo rafiki kwa ndege ni jengo lenye majani. Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu mnara uliojaa miti unaweza kuua ndege wengi kuliko ghala la matofali lisilo na jani hata moja, na hatua zenye uzito zaidi katika kazi hii hazionekani kabisa kwenye picha hizo.

Ni vyema kwanza tukatenganisha mambo mawili ambayo huzungumzwa kana kwamba ni moja. Jengo salama kwa ndege ni lile ambalo ndege akilikaribia hutambua kuwa ni kizuizi, na ambalo usiku halimtoi kwenye njia yake. Jengo linalohifadhi viumbe ni lile linalotoa makazi, chakula au maji kwa ndege, popo, nyuki, vipepeo na wengineo. La kwanza linahusu kuacha kuua, la pili linahusu kukaribisha. Mwenye jengo akianza kukaribisha kabla ya kuacha kuua, anafanya kazi ileile ya mtu anayewamwagia kuku mtama katikati ya barabara ya magari.

Ndege anaona nini mbele ya kioo

Kioo humdanganya ndege kwa njia mbili. Ya kwanza ni uakisi. Mchana, ukuta wa kioo unaotazama bustani huonyesha bustani ileile pamoja na mbingu na mawingu yake, na ndege anayetafuta pa kutua hulifuata tawi lililomo ndani ya kioo. Ya pili ni kupenyeka kwa macho: pale vioo viwili vinapokutana kwenye kona ya jengo, au ujia wa kioo unapounganisha majengo mawili, ndege huona upande wa pili na kudhani njia ni nyeupe. Mmea uliowekwa kwenye chungu nyuma ya kioo cha ukumbi wa mapokezi huongeza ushawishi huo, ingawa aliyeuweka alikuwa na nia njema kabisa.

Watu wengi husema kwamba ndege hujigonga kwa sababu hana akili. Kauli hiyo haina msingi, kwani binadamu naye hakioni kioo kisafi. Sisi hukikwepa kwa kusoma dalili zinazokizunguka, kama vile fremu, kitasa, vumbi na alama za vidole, na hata hivyo wapo wanaoumia mapaji ya nyuso kwenye milango ya benki na hoteli. Ndege hajui maana ya fremu. Isitoshe, macho ya ndege wengi wadogo yamekaa pembeni mwa kichwa, jambo linalowasaidia kumwona adui anayewajia kutoka upande wowote, lakini linalowaachia eneo jembamba tu la mbele ambalo macho yote mawili hulitazama kwa pamoja. Anayeruka kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa au zaidi hana muda wa kujisahihisha. Wala hapati nafasi ya kujifunza, kwa kuwa wengi hufa palepale au saa chache baadaye kutokana na damu kuvuja ndani ya fuvu. Ndiyo maana ule msemo wa kwamba ndege aliyejigonga akainuka na kuruka amepona unapaswa kutazamwa kwa mashaka; mara nyingi amekwenda kufia mahali pengine.

Ukubwa wa tatizo ni vigumu kuupima kwa usahihi, lakini makadirio yapo. Nchini Marekani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa taasisi ya Smithsonian na wenzao ulikadiria kwamba ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo. Pengo kati ya namba hizo mbili ni kubwa kwa sababu mizoga haikai chini kwa muda mrefu: paka, panya, kunguru na wafagiaji huiondoa kabla ya mtu yeyote kuihesabu. Uchambuzi huohuo ulitoa jambo linalowashangaza wengi. Minara mirefu ilichangia chini ya asilimia 1 ya vifo vyote. Nyumba za ghorofa moja hadi tatu zilichangia takriban asilimia 44, na majengo ya ghorofa nne hadi 11 takriban asilimia 56. Hii haimaanishi kwamba minara haina madhara, kwani ukilinganisha jengo kwa jengo, mnara mmoja huua ndege wengi kuliko nyumba moja ya kuishi. Maana yake ni kwamba minara ni michache, na kwamba hospitali, chuo au jengo la ofisi la wastani, ambalo hakuna anayelipiga picha, ndilo lenye kazi kubwa ya kufanya.

Usiku, taa huwatoa njiani

Ndege wengi wadogo wahamao husafiri usiku, wakati hewa imetulia na joto limepungua. Hujielekeza kwa nyota na kwa uga wa sumaku wa dunia. Mwanga mkali wa mji, hasa penye ukungu au mawingu ya chini, huwavuta na kuwachanganya, wakabaki wanazunguka ndani ya mwanga huo mpaka nguvu ziwaishie.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka New York, ambako kila tarehe 11 Septemba miale miwili mikubwa ya mwanga huelekezwa angani kuwakumbuka waliouawa mwaka 2001. Watafiti waliofuatilia miale hiyo kwa rada walikadiria kwamba katika usiku saba tu, uliotawanyika ndani ya miaka kadhaa, iliathiri safari za ndege wapatao milioni 1.1. Jambo la kutia moyo ni kwamba mwanga ulipozimwa, ndege walitawanyika na kuendelea na safari ndani ya dakika chache. Hivyo ukawekwa utaratibu unaoheshimu kumbukumbu hiyo bila kuwaangamiza wapita njia: ndege zaidi ya 1,000 wakihesabiwa ndani ya miale, taa huzimwa kwa takriban dakika 20, kisha huwashwa tena.

Madhara ya taa hayaishii usiku. Ndege aliyevutwa mjini huamkia katikati ya majengo, akiwa na njaa na uchovu, na alfajiri anapoanza kutafuta wadudu hukutana na kioo kinachoakisi miti. Taa na kioo, kwa maneno mengine, hufanya kazi kwa zamu.

Zamu hizo zilikutana Chicago. Kando ya Ziwa Michigan kuna jumba la mikutano liitwalo McCormick Place, na sehemu yake moja, Lakeside Center, si mnara hata kidogo, bali ni jengo pana na fupi lililozungukwa na kioo. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 2023, baada ya siku kadhaa za pepo zilizowazuia ndege kuelekea kusini, hali ilibadilika na wakaondoka kwa wingi mno. Mvua na mawingu yakawashusha chini, na taa za jumba zilikuwa zinawaka. Asubuhi, zaidi ya ndege 950 walikutwa wamekufa kuzunguka jengo hilo moja, wengi wao wakiwa ndege wadogo walao wadudu ambao uzito wao haufiki ule wa barua.

Tukio hilo lilitangazwa duniani kote, lakini kwa wataalamu wa Field Museum, makumbusho ya mji huo, halikuwa jambo jipya, isipokuwa kwa wingi wake. David Willard wa makumbusho hayo alianza kuokota ndege waliokufa kwenye jumba hilo mwaka 1978, na kumbukumbu alizoziweka pamoja na wenzake zimekuwa hazina ya kisayansi. Kwa kuwa waliandika pia ni madirisha yapi yaliyokuwa na mwanga, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliweza kuonyesha kwamba madirisha yenye mwanga yakipunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa kilichowahi kurekodiwa pale, vifo vingepungua kwa takriban asilimia 60. Hapo hakuna kilichojengwa wala kununuliwa. Ni swichi na mapazia tu.

Kioo kinavyotibiwa

Kanuni ya msingi ni fupi: kioo kiwe na alama zinazoonekana, upande wa nje, zisizoachana kwa zaidi ya sentimita 5. Kila sehemu ya kanuni hii ina sababu yake. Alama ziwe nje kwa sababu zikiwekwa ndani, uakisi wa mbingu na miti huzifunika. Ziwe karibu karibu kwa sababu ndege mdogo amezoea kupenya kwa kasi kati ya matawi, na akiona nafasi inayomtosha ataijaribu. Daniel Klem, profesa wa Marekani aliyeanza kulichunguza suala hili miaka ya 1970, alifanya majaribio mengi kuhusu umbali huo. Awali nafasi pana kidogo zilionekana zinatosha, lakini mapendekezo ya sasa yameelemea kwenye sentimita 5 kwa pande zote ili kuwalinda hata ndege wadogo kabisa.

Kutokana na kanuni hiyo tunaelewa kwa nini ile picha nyeusi ya mwewe inayobandikwa katikati ya dirisha haifai. Wengi huamini kwamba humtisha ndege. Ndege huikwepa kama anavyokwepa kitu chochote kilichosimama mbele yake, kisha hujigonga upana wa kiganja pembeni mwake. Picha hamsini za mwewe zilizojaza dirisha lote zingefanya kazi, lakini zingefanya kazi kwa wingi wake, si kwa umwewe wake, na nukta ndogo zingetosha kwa gharama ndogo na bila kuziba mandhari.

Jengo jipya linaweza kuagiza kioo chenye nukta au mistari iliyochomwa kiwandani. Jengo la zamani linaweza kubandikiwa nukta kwa nje, kuwekewa wavu, au kuning'iniziwa kamba zilizopangwa mbele ya madirisha, na vizuizi vya jua vilivyosimama nje ya kioo husaidia vilevile. Upo pia ufumbuzi wa alama za urujuanimno, yaani nuru ambayo jicho la binadamu halioni lakini ndege wengi wadogo huiona. Wasanifu huupenda kwa sababu kioo hubaki kitupu machoni pa mteja. Binafsi ningeuchukua kwa tahadhari, maana si ndege wote wanaoiona nuru hiyo kwa kiwango kimoja, na njiwa na ndege wawindaji ni miongoni mwa wale ambao macho yao hayaipokei vizuri.

Matokeo ya tiba hii yanapimika. Jumba la mikutano la Javits, New York, lililokuwa likijulikana kwa mizoga iliyolizunguka, lilibadilishiwa kioo katika ukarabati uliokamilika mwaka 2014, likawekewa kioo kisichoakisi sana na chenye nukta, na vifo vya ndege vikapungua kwa takriban asilimia 90. Ukarabati huohuo ulipunguza matumizi ya nishati, kwa sababu nukta huzuia pia joto la jua. Lakeside Center ya Chicago nayo ilibandikwa nukta kwenye kuta zake za kioo katika majira ya joto ya mwaka 2024, kwa gharama ya dola milioni 1.2, na katika msimu wa uhamaji uliofuata vifo vilipungua kwa takriban asilimia 95. Fedha hizo ni nyingi, hakuna ubishi. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kwamba mazungumzo haya yafanyike wakati jengo bado ni michoro, ambapo kuchagua kioo chenye nukta badala ya kingine huongeza sehemu ndogo tu ya gharama, kuliko kusubiri kukarabati jumba zima.

Miji kadhaa imeligeuza suala hili kuwa sheria. Toronto iliweka masharti ya lazima kwa majengo mapya mwaka 2010, San Francisco ikafuata mwaka 2011, na New York ikapitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2019 inayotaka asilimia 90 ya kioo cha nje, hadi kimo cha futi 75, yaani takriban mita 23, kiwe salama kwa ndege. Wengi huuliza kwa nini sheria inaishia kwenye kimo hicho wakati minara inapanda mara kumi zaidi. Jibu ni miti. Ndege hula, hunywa na kupumzika kwenye kimo cha miti, na uakisi wa miti ndio unaoua zaidi. Kwa sababu hiyo, kioo cha ukingo wa bustani iliyo juu ya paa nacho hutendewa kama kioo cha chini, hata kikiwa ghorofa ya 40.

Kuna hoja mbili ambazo haziishi kurudi. Ya kwanza ni kwamba kuzima taa kunaalika wezi. Hakuna anayependekeza kuzima taa ya mlangoni au ya maegesho. Kinachopendekezwa ni kuifunika ili imulike chini badala ya angani, kuiwekea kihisi cha mwendo, na kuzima taa za mapambo na za ofisi zisizo na mtu, hasa katika wiki za uhamaji. Ya pili ni kwamba paka huua ndege wengi zaidi. Ni kweli kabisa kwa makadirio ya Marekani. Lakini paka huwakamata zaidi wachanga, wagonjwa na wanaokaa chini, ilhali kioo hakichagui, na humwua ndege mwenye afya aliyekwisha kuvuka nusu ya bara sawasawa na yule dhaifu.

Baada ya hapo, makazi

Jengo likishakuwa salama, ndipo habari ya kukaribisha inapokuwa na maana, na hapa vitu vidogo hushinda vile vya kifahari. Teleka wa Ulaya, ndege afananaye na mbayuwayu ambaye huishi karibu maisha yake yote angani, hutaga kwenye nyufa za kuta za zamani. Kuta zikizibwa kwa ajili ya kuhifadhi joto, hukosa pa kutaga. Ufumbuzi ni tofali lenye tundu, linalojengwa ndani ya ukuta chini ya paa, na mji wa Brighton nchini Uingereza umeyafanya matofali hayo kuwa sharti kwa majengo mapya yenye kimo cha kutosha tangu mwaka 2020. Kozi, ndege mwindaji, naye hajengi kiota. Hukwangua kishimo kwenye changarawe za genge na kutaga humo, na kingo za minara huzichukulia kama magenge. Akitaga kwenye saruji tupu, mayai hubingirika au hulowa. Trei ya mbao yenye changarawe na matundu ya kutolea maji humtosha.

Mapaa ya kijani yanastahili maelezo kidogo zaidi, kwa kuwa si yote ni sawa. Zulia la mmea wa aina moja juu ya udongo wa kina kimoja hupendeza machoni lakini hulisha wachache. Mji wa Basel nchini Uswisi, ambao tangu mwaka 2002 umelazimisha mapaa mapya ya bapa kupandwa mimea, hutaka udongo wa asili ya eneo hilo na wa kina tofauti tofauti, pawe na vilima na sehemu zenye changarawe, na kutokana na utaratibu huo yamepatikana makazi ya mbawakawa na buibui adimu. Paa la Javits, lenye ukubwa wa karibu ekari saba, nalo sasa lina shakwe wanaotaga. Ni jengo lilelile lililokuwa likiua, na paa hilo lina maana kwa sababu kioo chake kilitibiwa.

Popo huomba kidogo zaidi ya wote. Daraja la Congress Avenue mjini Austin, Texas, lilipokarabatiwa mwaka 1980, nyufa nyembamba ziliachwa chini yake kwa sababu za kihandisi tu, na popo wakahamia. Wakazi walitaka wafukuzwe, lakini leo kundi hilo, ambalo wakati wa kiangazi hukadiriwa kufika milioni 1.5, hula wadudu kwa tani na huvuta watalii kila jioni.

Kinachosahaulika mara nyingi ni sumu ya panya. Flaco, bundi mkubwa aliyetoroka kwenye bustani ya wanyama ya Central Park, New York, mwezi Februari 2023 na kuishi huru kwa mwaka mmoja, alikutwa mahututi baada ya kile kilichoelekea kuwa ni kugonga jengo, akafa. Uchunguzi wa mwili wake ulikuta majeraha makubwa, ugonjwa wa virusi unaotokana na njiwa, na aina nne za sumu ya panya. Jengo lenye kiota cha kozi au bundi na masanduku ya sumu kwenye ghorofa ya chini linajipinga lenyewe. Mapipa ya taka yanayofungika vizuri na matundu yaliyozibwa hupunguza panya bila kumfikia anayewala.

Kwa msimamizi wa jengo asiyejua pa kuanzia, watu wa kuulizwa kwanza ni wafanyakazi wa usafi wa zamu ya alfajiri, ambao mara nyingi wamekuwa wakifagia ndege kwa miaka mingi bila mtu kuwauliza lolote. Daftari moja linatosha: tarehe, upande wa jengo, ghorofa au dirisha, na idadi. Likijazwa kwa majira mawili ya uhamaji, kwa kawaida huonyesha kwamba vifo havikusambaa sawasawa, bali vimerundikana kwenye kona moja ya kioo, ujia mmoja, au ukuta mmoja unaotazama miti, na hapo ndipo nukta za kwanza zinapopaswa kubandikwa.